Kubebwa Ndani ya Mchezo Uliopangwa

Tarehe 4 Oktoba 2019, mjini Los Angeles, Brock Lesnar alimnyanyua Kofi Kingston mabegani, akambwaga, akamlalia, na refa akahesabu mpaka tatu. Pambano zima halikuzidi sekunde 10. Kofi alikuwa ameushika mkanda wa ubingwa wa WWE tangu Aprili, akiwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kuuvaa. Video ile fupi ilipofika Tukuyu kwa simu, vijana waliokuwa wanamshangilia Mghana yule hawakusema kwamba Kofi kapigwa. Walisema kaonewa. Na kuhusu Lesnar walisema neno moja ambalo kila Mtanzania analielewa bila kamusi: kabebwa.

Neno hilo tumelitoa kwenye mpira. Timu ikipewa penalti ya utata, imebebwa. Likatoka uwanjani likaingia maofisini, vyuoni, kwenye familia. Aliyepata kazi ambayo hukuitegemea aipate, kabebwa. Mtoto anayepewa shamba zuri kuliko wenzake, anabebwa na baba. Maana yake ni kwamba palikuwa na njia ya kupita kwa miguu, na huyu akapitishwa kwa mabega ya mtu mwingine.

Lakini kwenye mieleka ya WWE neno hili lina shida, na shida hiyo ndiyo imenifanya niandike. Mashabiki waliosema Lesnar kabebwa wote walijua kwamba mieleka ile hupangwa. Si siri tena tangu zamani. Mwaka 1989 kampuni hiyo, wakati huo ikiitwa WWF, ilikwenda yenyewe mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey ikaeleza kwamba inachofanya ni burudani, si shindano la kweli, ili isisimamiwe kama mchezo wa ngumi unavyosimamiwa. Ofisini kuna watu ambao kazi yao ni kuamua nani atashinda, kwa mtindo gani, ataushika mkanda kwa miezi mingapi na atampa nani. Sasa kama ushindi wote hutoka ofisini, kila bingwa kabebwa. Kofi naye alibebwa alipoushinda mkanda ule. Kusema Lesnar kabebwa na Kofi kaonewa ni kama kusema kwamba kwenye filamu steringi kamwonea adui.

Hivyo ndivyo angesema mtu mwenye akili za haraka. Mimi naona wale vijana walikuwa wanasema jambo la kweli, ingawa wengi wao wangeshindwa kulitetea. Swali langu ni hili: je, inawezekana mtu akaonewa katika mchezo ambao matokeo yake yamepangwa? Na kama inawezekana, kuonewa huko kunamhusu nini kijana wa Rungwe ambaye hajawahi kukanyaga Marekani?

Kizazi changu kilikutana na mieleka kwenye vibanda umiza. Mabenchi ya mbao, turubai dirishani, deki, CD za kudurufu, na mvua ya Tukuyu juu ya bati ikizima sauti ya mtangazaji ambaye hata hivyo wengi hatukuelewa Kiingereza chake. Mapambano yalitufikia miezi mingi baada ya kupiganwa. Undertaker, Batista, Rey Mysterio, John Cena: wote walikuwa wameshashinda au kushindwa kabla sisi hatujalipa kiingilio. Siku moja kijana mmoja wa sekondari, aliyetoka kugundua siri, alimwambia mwenye kibanda, "Mjomba, hawa si wanaigiza tu?" Yule mzee akamjibu, "Na wewe si unajua steringi hafi? Mbona hela umeleta?"

Jibu lile lilikuwa limeshatolewa Paris kwa maneno marefu zaidi. Roland Barthes, katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, alifungua na insha kuhusu mieleka ya kumbi za kawaida za Ufaransa. Hoja yake ni kwamba mtazamaji hajali kama pambano limepangwa au la, kwa sababu hakuja kuona nani ana nguvu. Kaja kuona haki ikitendeka waziwazi, kama kwenye tamthilia za kale. Mtu mwovu anadanganya, anamchoma mwenzake kidole jichoni refa akiangalia pembeni, halafu mwisho analipwa. Kwa Barthes, ulingo ni mahali ambapo mema na mabaya yanaonekana bila ukungu, tofauti na maisha.

Ni hoja nzuri na inaeleza vizuri tulivyokuwa tukiangalia tukiwa watoto. Lakini haimwelezi shabiki wa leo. Mtazamaji wa Barthes alikasirikia adui aliyeko ulingoni. Shabiki wa leo anamkasirikia aliyeandika pambano. Anajua nani ana ugomvi na nani nyuma ya pazia, nani ni mkwe wa bosi, nani mkataba wake unakwisha, nani kakataa kushindwa na fulani. Ana maoni kuhusu ofisi kuliko kuhusu ulingo. Anapoona matokeo, swali lake la kwanza ni "kwa nini wameamua hivi?" Sisi tuna neno letu kwa mambo ya namna hiyo: figisu. Na mashabiki wa mieleka wa miaka hii ni wataalamu wa figisu kwanza, wa mieleka baadaye.

Kwa hiyo haki anayoitafuta shabiki huyu iko wapi? Nadhani tukio la Montreal la tarehe 9 Novemba 1997 linatusaidia kuiona.

Bret Hart alikuwa bingwa, Mkanada, na alikuwa anaondoka kwenda kampuni pinzani ya WCW. Bosi wake, Vince McMahon, hakutaka aondoke na mkanda. Hart naye hakutaka kushindwa nyumbani kwao Kanada na Shawn Michaels, mtu ambaye walikuwa hawapatani kwelikweli. Wakakubaliana namna ya kumaliza ambayo haingemvua Hart mkanda usiku ule. Lakini Michaels alipombana Hart kwa mbano wa Sharpshooter, mbano ambao ulikuwa wa Hart mwenyewe, McMahon aliyekuwa kando ya ulingo akaamuru kengele ipigwe. Hart hakuwa amesalimu amri. Mkanda ukaenda kwa Michaels. Hart akamtemea bosi wake mate mbele ya umati, na baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akampiga ngumi ya kweli.

Hapo ndipo yule mwenye akili za haraka anapokwama. Angesema nini? Kwamba Hart hakuonewa kwa sababu ushindi wote ni wa kupangwa? Hart ndiye aliyejua kuliko sisi wote kwamba ni wa kupangwa. Kilichovunjwa usiku ule hakikuwa kanuni ya ulingo. Kilivunjwa kile walichokubaliana. Kumbe chini ya mchezo wa uongo kulikuwa na jambo la kweli kabisa: watu wawili wanaopeana miili yao na neno lao. Mwanamieleka anapomwachia mwenzake ambwage kwa shingo, anamwamini kwamba atamshika vizuri. Mieleka isiyo ya kweli haiwezi kuchezwa bila uaminifu wa kweli. Palipo na uaminifu, usaliti unawezekana, na palipo na usaliti mtu anaweza kuonewa.

Hii ni hatua ya kwanza. Lakini inamhusu Hart na McMahon, watu waliopeana neno. Kofi alikubali kushindwa na Lesnar. Ilikuwa kazi yake na aliifanya. Basi nani kaonewa, na ahadi ipi imevunjwa?

Kofi Kingston alianza kuonekana kwenye televisheni ya WWE mwaka 2008. Mtu aliyezaliwa Ghana, akatambulishwa kwa watazamaji kama Mjamaika. Kwa miaka 11 alikuwa mtu wa kuchangamsha ukumbi: anaruka, anashangiliwa, anapewa mikanda midogo, mkubwa haumfikii. Februari 2019 Mustafa Ali akaumia, Kofi akawekwa kujaza nafasi. Watu wakampokea kwa kishindo ambacho ofisi haikukitegemea. Ndipo simulizi ikageuzwa. Ndani ya simulizi hiyo McMahon mwenyewe aliigiza bosi anayemwekea vikwazo kimoja baada ya kingine, na tarehe 7 Aprili 2019, kwenye WrestleMania ya 35, Kofi akamshinda Daniel Bryan. Mwaka huohuo alikwenda Ghana na mkanda wake.

Sasa angalia kilichosemwa kwa watazamaji wakati wote ule. Kampuni ilisema: huyu mtu kavumilia miaka 11, kafanya kila alichoambiwa, na hatimaye uvumilivu umelipa. Huo ulikuwa ndio mzigo wa simulizi nzima, na kwa mzigo huo watu walinunua tiketi na fulana. Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nadharia ya haki, anatofautisha kustahili kwa asili na matarajio halali. Hata kama hakuna mtu anayestahili kitu fulani tangu mbinguni, taasisi ikishatangaza kwamba anayefanya hivi atapata vile, aliyefanya hivi ana haki ya kutarajia. Taasisi yenyewe ndiyo imeizaa haki hiyo kwa kutamka. Kampuni ya mieleka haikulazimika kutuambia kwamba uvumilivu hulipa. Ilichagua kutuambia. Kisha usiku ambao kipindi kilianza kurushwa na televisheni ya Fox, ikaonyesha kwa sekunde zile chache kwamba uvumilivu ulikuwa wa kukopesha tu.

Kwa hiyo kijana aliyesema Kofi kaonewa hakuwa anachanganya uongo na ukweli. Alikuwa anasema: mlisimulia kwamba hapa kuna kanuni, na mimi niliwaamini, kumbe kanuni ni mapenzi yenu. Hata simulizi ina maadili yake. Bibi anayesimulia hadithi ya sungura na fisi hawezi kumfanya fisi ashinde mwishoni bila sababu, eti kwa kuwa kaka wa fisi amekuja kutembea. Watoto watakataa. Na watakuwa na haki, ingawa hakuna sungura wala fisi.

Lakini kuna mtu mwingine ambaye mashabiki humsahau. Kila anayeshinda anahitaji anayeshindwa. Wako watu ambao kwa miaka mingi kazi yao ni kuanguka vizuri ili mwingine aonekane mkubwa. Ukubwa wa Lesnar umetengenezwa na migongo ya watu wa namna hiyo. Kuanguka kwenyewe hakuigizwi: mbao zile na chuma kile ni vya kweli, na magoti yanayochakaa ni ya kweli. Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, Owen Hart, mdogo wake Bret, alikuwa ateremshwe kutoka darini kwa waya kama sehemu ya onyesho la kuchekesha. Alianguka na kufa. Onyesho liliendelea mpaka mwisho. Na wanamieleka wa WWE huandikwa kama wakandarasi huru, hawaandikwi kama waajiriwa, na hawana chama cha wafanyakazi cha kuwasemea.

Hapa ndipo nina ugomvi na sisi mashabiki, hasa sisi tuliosoma kidogo.

Sikiliza tunavyozungumza. Mtoto wa kibanda umiza alisema, "Jamaa yangu kaonewa, alikuwa anashinda." Miaka inapita, anapata simu, anajifunza mambo ya ofisi, na lugha inabadilika. Sasa anasema, "Hapana, yule hawezi kupewa mkanda, hauzi." "Hana mwonekano wa bingwa." "Kwa soko lile la Fox, Lesnar ilikuwa lazima." "Kibiashara ni uamuzi sahihi." Anajiona amekua. Ameacha utoto wa kuamini ulingo, ameingia kwenye siri. Lakini siri hiyo imemgeuza kuwa nini? Amekuwa msemaji wa bosi asiyelipwa. Swali la "anastahili?" limefutwa kimya kimya na swali la "anauza?", na yeye mwenyewe hakuona lilipofutwa.

Huu ndio ujanja wa figisu kama elimu. Kuzijua ni jambo jema. Mtu asiyejua kwamba mambo hupangwa ataishi akidanganywa. Lakini kuna hatua moja zaidi ambayo wengi tunaivuka bila kujua, hatua kutoka kumwona mpangaji mpaka kuona kwa macho ya mpangaji. Kutoka kusema "wamepanga" mpaka kusema "ningekuwa mimi ningepanga hivyohivyo." Na tukishafika huko, tunaita ukomavu.

Ninayajua mazungumzo haya nje ya mieleka. Rafiki yangu mmoja alikwenda kwenye usaili wa kazi, mahali ambapo sitapataja. Alijiandaa wiki mbili, akaazima koti. Wakiwa kwenye foleni, mmoja wa wasailiwa aliwaambia wenzake kwa upole jina la mtu atakayepata. Hakuna aliyekasirika. Waliingia mmojammoja, wakajibu maswali, wakashukuru, wakatoka. Aliyetajwa ndiye aliyepata. Rafiki yangu aliponisimulia sikushangazwa na upendeleo. Nilishangazwa na sauti yake, kwa sababu alikuwa anaeleza kwa nini uamuzi ule ulikuwa na mantiki: yule jamaa anafahamiana na watu, ofisi inahitaji mtu wa kufungua milango, "hata mimi ningekuwa bosi ningefanya hivyo." Alikuwa ameanguka vizuri, kama alivyofundishwa, ili mwingine aonekane ameshinda. Na nauli ya kwenda kuanguka alijilipia mwenyewe.

Utaniambia: sawa, basi shabiki alalamike. Azomee. Mbona kelele za mashabiki zimewahi kubadilisha mambo? Ni kweli, na mfano unaopendwa ni wa Daniel Bryan. Tarehe 1 Aprili 2012 alipokonywa mkanda na Sheamus kwa sekunde 18. Watu hawakukubali. Kwa miaka miwili kumbi zilijaa sauti zikimwitikia. Januari 2014 Batista aliposhinda Royal Rumble, pambano ambalo Bryan hakuwekwa, ukumbi wa Pittsburgh ulimzomea mshindi. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Aprili 2014, Bryan akafunga WrestleMania ya 30 akiwa na mikanda mikononi. Umma ulishinda ofisi.

Au siyo? Kwa miezi yote ile kampuni ilikuwa imeshaiweka hasira ya watu ndani ya onyesho. Mabosi walijitokeza ulingoni wakiigiza mabosi wabaya wanaosema Bryan hafai kuwa sura ya kampuni. Maneno ambayo pengine yalisemwa kweli ofisini yakawa maneno ya adui jukwaani, na kila aliyekasirika akauziwa fulana ya kukasirikia. Sisemi ushindi wa Bryan haukuwa kitu. Ninasema malalamiko yana bei, na mwenye duka akiyatambua mapema anaweza kuyauza mara mbili.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo moja la kwetu, nililolisoma maktabani kabla sijaliuliza kwa wazee. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi Rungwe miaka ya 1930 wakiwachunguza Wanyakyusa, na Monica akaandika Good Company, kitabu kilichotoka 1951, kuhusu vijiji vya marika: vijana wa rika moja wanaondoka kwa baba zao na kujenga kijiji chao. Humo anaeleza imani juu ya pumzi ya watu. Mtu akikosea, akimdharau mzazi, akila nyama ya sherehe bila kuwagawia majirani inavyopasa, majirani wananung'unika. Na mnung'uniko huo, pumzi yao, humwendea mkosaji kama baridi, akaugua. Hakuna aliyemshika. Alichokipata ni kuchukizwa kwa wale anaoishi nao.

Wale waliokuwa na imani hiyo waliona mambo mawili ambayo sisi mashabiki tunayahitaji. La kwanza, nguvu ileile ya kunung'unika kwa haki, mtu akiitumia kwa husuda na kwa siri, iliitwa uchawi. Tofauti ilikuwa kwenye sababu: je, kuna kosa la kweli ambalo jamii inalikubali kuwa kosa, au ni wivu wako tu? Shabiki anayemzomea Lesnar kwa sababu ya ahadi iliyovunjwa, na yule anayemzomea mtu kwa sababu tu si kipenzi chake, wanatoa sauti moja. Kimaadili si kitu kimoja. Nusu ya tunayoyaita maonevu kwenye mieleka, na pengine nje ya mieleka, ni mapenzi yetu yaliyokosa kuridhishwa. Ukitaka kulalamika, kwanza taja ahadi.

La pili, hasira haikuruhusiwa kukaa moyoni. Katika matambiko ya ukoo ambayo Wilson aliyaandika baadaye, ndugu waliokosana walitakiwa waseme wazi kinachowachoma, mbele ya wenzao, vinginevyo tambiko halifanyi kazi na mgonjwa haponi. Mnung'uniko ulikuwa hatua ya kwanza tu. Mwisho wake ulikuwa watu kuketi na kuambiana. Pumzi ya watu ilifanya kazi kwa sababu mkosaji alikuwa jirani. Alizisikia sauti kwa majina. Kesho angehitaji moto kwao.

Bosi wa mieleka si jirani wa mtu yeyote Tukuyu. Pumzi yetu haimfikii. Ikimfikia inakuja kama takwimu za watazamaji. Hii ndiyo sababu hasira ya shabiki haina pa kutua na inabaki ikizunguka, ikiongezeka utaalamu na kupungua nguvu. Lakini ofisi iliyomsaili rafiki yangu iko umbali wa nauli ya daladala. Wale wa kwenye foleni walikuwa majirani. Pale pumzi ingeweza kufika. Wakati sisi tunaweza kueleza kwa saa nzima kwa nini Kofi hakustahili sekunde zile, tunapofika mahali ambapo sauti yetu ina mtu wa kuisikia, tunasema "ndivyo mfumo ulivyo", tunajipanga foleni.

Kuna watu wanaosema dawa ni kuachana na michezo ya kupangwa na kupenda ya kweli. Mfano wao Tukuyu uko tayari: mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, timu iliyokuwa imetoka tu kupanda daraja, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Hakuna ofisi ambayo ingeandika hadithi ile. Simba na Yanga zilikuwepo. Sikuwa nimezaliwa, lakini nimekua nikiisikia, na nadhani inasimuliwa mpaka leo kwa sababu ni ushahidi. Inathibitisha kwamba wakati mwingine matokeo hayajaandikwa. Mtu anahitaji ushahidi wa namna hiyo angalau mmoja maishani.

Hata hivyo sidhani kama mieleka ni ya kutupwa. Huko Mukono, Uganda, vijana wameanzisha mieleka yao kwenye ulingo wa udongo uliozungushiwa miti na kamba, na video zao zimetazamwa duniani kote. Nao wanapanga. Wanajua wanachokifanya, wanarushana kwenye tope na kudakana. Ninachokipenda pale ni kwamba anayepanga na anayeanguka wanakula chungu kimoja, na umati unaozomea umesimama hatua mbili kutoka kwenye kamba. Kama kuna kosa, pumzi inafika jioni hiyohiyo. Kupangwa kwenyewe hakujawahi kuwa dhambi. Harusi hupangwa, ngoma hupangwa, hata ibada hupangwa. Swali ni nani alikuwepo wakati wa kupanga, nini kiliahidiwa, na nani anaubeba uzito wa kuanguka.

Maswali hayo matatu yanatosha kumtoa shabiki kwenye kiti cha bosi alichokikalia bila kualikwa. Ukiyauliza kuhusu Kofi, utaona kwamba wale vijana walikuwa sahihi, na kwamba usahihi wao hautabadilisha chochote Marekani. Ukiyauliza kuhusu usaili, kuhusu bei ya jani bichi la chai ambayo mchumaji huisikia baada ya kuchuma, kuhusu kikao cha ukoo cha kugawa shamba, utaona pia kwamba "kabebwa" ni mwanzo tu wa sentensi. Aliyebebwa kabebwa na mtu mwenye jina. Mabega yale ni ya nani, na kwa nini yasiulizwe? Rafiki yangu amepata usaili mwingine mwezi ujao. Nimemwambia kwamba safari hii, kama jina litatajwa tena kwenye foleni, aulize kwa sauti limetoka wapi. Ameniambia atafikiria.